Kompyuta Isiyokuwa na Hapana

Asubuhi ya Alhamisi, chai ikiwa mezani na viazi bado vinafuka moshi, kompyuta ya Verdiana, Mama Fausta, iliacha kazi katikati ya kadi ya kumi na moja, ikageuka rangi ya samawati uso mzima, ikaanza kuzungusha vidoti.

"Baba Fausta," aliita Verdiana, "hebu njoo. Mashine imezimia."

Mumewe, Lupakisyo, alitoka chumbani na kikombe mkononi. Alikuwa karani wa stesheni ya Kilosa enzi zile watu wanapanga saa zao kwa kusikia treni, kabla reli haijapewa mwekezaji na makarani hawajapunguzwa. Kwa hiyo kila Kiingereza kilichoingia nyumba hiyo kilipelekwa kwake, kiwe cha dawa, cha mbegu au cha mahakama. Alivaa miwani, akasoma polepole huku kidole kikifuata mistari.

"Inasema inajitengeneza upya. Imefika asilimia nne. Tusiizime."

"Nani kaiambia ijitengeneze?"

"Hilo haikusema."

Verdiana alizitazama zile kadi kumi zilizokwisha kutoka, karatasi ngumu ya waridi, maua pembeni. Zilikuwa kadi za sendofu, sherehe ya kumuaga Fausta, binti yao pekee, anayeolewa Mikumi na Mathayo muuza magodoro. Zilitakiwa mia na hamsini, na Jumamosi Mzee Yassin, mshenga, angekuja kuzichukua akazigawe. Posa ilikwisha kupokelewa wiki tatu nyuma. Siku hiyo Fausta aliitwa sebuleni ajibu mwenyewe mbele ya wageni, naye badala ya kusema neno akaingia chumbani, akafunga mlango. Kila mtu alijua maana yake: binti ana haya, amekubali. Verdiana ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Tangu hapo Fausta alikuwa akilalamikia kichwa, hakai mezani kupokea wateja kama zamani, na mama yake akazidi kumsifu kwa majirani kwamba mwali wake ana adabu za watu wa kale.

"LUKU imebaki ngapi?" aliuliza Lupakisyo ghafla.

Walikimbilia mita wote wawili. Yuniti mbili nukta moja.

"Zima jiko la umeme," alisema Lupakisyo. "Zima redio. Zima taa ya choo."

"Taa ya choo imeungua tangu Pasaka."

"Basi iache hivyo hivyo."

Verdiana alivuta kigoda akakaa mbele ya mashine, mikono mapajani, kama alivyokuwa akikaa na wanawake wenye uchungu miaka ile aliyokuwa akiitwa kuzalisha huko Mamboya alikozaliwa. Hakuwa na la kufanya ila kuangalia namba. Jirani yake Mwanvua alichungulia mlangoni na ndoo ya maji kichwani.

"Kuna nini humo, mbona kimya?"

"Mashine inajitengeneza. Tumeambiwa tusiiguse."

"Imefika ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Pole, mama. Hizi za kwanza huwa zinachelewa."

Saa nne ilikuwa asilimia arobaini. Saa tano, sitini na mbili, na kuna mwanafunzi amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akaambiwa asubiri nje kwa sababu kuna mgonjwa. Saa sita na robo ilifika mia, ikazima yenyewe, ikawaka yenyewe, ikamwambia Verdiana jambo kwa herufi kubwa.

"Inasema: Habari," alitafsiri Lupakisyo.

"Iulize shikamoo yangu iko wapi."

*

Verdiana aliishia darasa la tatu. Herufi alizijua, ila zilipojipanga kwa Kiingereza zilikuwa kwake kama watu wa ukoo mwingine: anawaona, hawajui. Kazi ya kompyuta alikuwa ameijifunza kwa njia yake. Pembezoni mwa kioo, kwenye ile fremu nyeusi, alipaka nukta za rangi ya kucha. Nukta nyekundu ilisimama sambamba na picha ya programu ya kadi. Ya zambarau, upande wa juu, ilionyesha mahali pa kubonyeza ili printa itoe. Ya dhahabu ilikuwa ya picha za pasipoti. Kwa nukta hizo tatu alikuwa amewahudumia walimu, mapadri, wakulima wa Magole waliokuja na katiba za vikundi vyao, na hata ofisa mmoja aliyeomba mama amwonyeshe namna ya kupunguza kurasa.

Basi aliweka mshale kwenye nukta nyekundu, akabonyeza mara mbili. Kitu kikafunguka. Akaenda kwenye ya zambarau, akabonyeza. Kiboksi kikauliza idadi, akaandika arobaini, printa ikaguruma, naye akaenda jikoni kuangalia maharage yaliyohamishiwa kwenye mkaa.

Aliporudi, mzee Sempele alikuwa amejaa mezani. Sempele mwenyewe alikuwa mfugaji wa upande wa Masanze, na siku mbili kabla alikuja kupiga picha sita za pasipoti. Sasa alikuwepo mara arobaini, masikio yake marefu yameshuka vizuri, anatazama mbele kwa ukali, na kila mmoja wake amezungukwa na maua ya waridi.

Verdiana alizihesabu karatasi kwa macho, akazihesabu tena kwa kidole. Karatasi ile ilinunuliwa Morogoro.

"Fausta," aliita. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mwanangu, njoo, hata kama kichwa kinauma."

Fausta alitoka. Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na nne, mwepesi wa vidole, na kwa kawaida mwepesi wa maneno pia. Alisogeza mshale huku na huku, uso haubadiliki.

"Programu ya kadi haipo," alisema.

"Imeenda wapi?"

"Wameifuta. Wameandika hapa, haipatani na hii mpya, wameiondoa ili kutusaidia."

"Kutusaidia nani?"

Fausta aliichukua karatasi moja ya Sempele, akaitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akaonekana kama anataka kucheka. Kisha akarudi chumbani.

*

Mchana Lupakisyo alifungua uchunguzi. Kwenye reli, behewa likianguka, kabla hujaliinua unauliza nani alitoa ruhusa. Alichukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akamkalisha mkewe upande wa pili wa meza.

"Swali la kwanza. Nani aliruhusu?"

"Baba Fausta, tumekaa wote siku zote humu."

"Jibu swali."

"Si mimi. Kile kiboksi kilikuwa kinatokea kila asubuhi. Nikakuita ukakisoma."

"Nilikisoma. Kilisema kuna mpya, ya bure. Tuiweke sasa, au tuiweke baadaye?"

"Nami nikakuuliza, hapana iko wapi?"

"Nikakwambia haipo." Lupakisyo aliandika. "Ukafanya nini?"

"Nikakipiga kosa." Alionyesha ile alama pembeni juu kabisa, vijiti viwili vilivyopishana, ambavyo mtu yeyote aliyepita mbele ya mwalimu, hata kwa miaka mitatu tu, anavijua. "Kila asubuhi, kosa. Wiki mbili nzima. Mwalimu Hildegarda hakunipiga mimi makosa mengi namna hiyo, na alikuwa hanipendi."

"Kosa ni hapana," aliafiki Lupakisyo.

"Kosa ni hapana dunia nzima."

Lupakisyo aliweka kalamu chini. Shingo ilikuwa imeanza kumvimba. "Sikiliza, mke wangu. Treni ikiwa Kimamba, stesheni ya jirani, imejaa watu, imejaa sukari, hata kama ndani kuna waziri, haiondoki. Kimamba inapiga kengele: naweza kukuletea? Na Kilosa isipojibu ndiyo, treni inakaa pale pale mpaka abiria waote mizizi. Kilosa ikikaa kimya, kimya si ndiyo. Kilosa ikilala, usingizi si ndiyo. Miaka kumi na tisa sikuwahi kuletewa treni ambayo sikuikubali. Leo nimeletewa hii sebuleni kwangu."

"Na imekula bando la mwezi," alisema Verdiana.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Walipogeuka ulifungwa taratibu.

Alasiri Sempele alikuja kuchukua picha zake sita. Verdiana alikuwa amezificha zile arobaini chini ya kitambaa cha meza, lakini kitambaa kilikuwa kifupi. Mzee alivuta moja, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu mtu ni mzuri," alisema.

"Samahani sana, baba. Mashine imetugeuka."

"Maua haya mmeyaongeza ninyi?"

"Yalikuwepo."

"Nazichukua zote." Alizikunja shukani bila kungoja jibu. "Nina watoto kumi na mmoja, na wakwe, na kuna mtu mmoja Mikumi ananidai heshima. Kesho napeleka mbuzi huko. Leteni hiyo mashine kwenye pikapu. Binti yangu Nkoile ni fundi wa hivyo vitu, ana banda karibu na barabara kuu. Mashine zikimwona zinanyooka."

*

Ijumaa waliondoka mapema. Verdiana alikuwa amejifunga kitenge kipya juu ya gauni, maana alipanga baada ya fundi wapite kwa Mathayo kuwasalimia wakwe, na Fausta aliambiwa aje ili aonekane. Kitenge cha pili, pacha wa hicho, kilifunga boksi la kompyuta lisiingie vumbi. Viti vya mbele vilikaliwa na Sempele, Verdiana, na Fausta aliyepakata boksi. Lupakisyo, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, alikaa nyuma na mbuzi tisa, amekumbatia kioo.

"Baba Fausta, uko salama huko?" aliuliza Verdiana kupitia dirishani kila baada ya muda.

"Kuna mmoja anakula daftari."

"Uchunguzi wote?"

"Ameanzia mwisho."

Walipofika Mikumi, Lupakisyo alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi kutoka nyusi hadi viatu, amebakiwa na kurasa tano.

Nkoile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, shuka begani, bisibisi kati ya meno. Aliitoa bisibisi, akainama, baba yake akamgusa kichwani, kisha akawaamkia wageni. "Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuletea mgonjwa."

Sempele alimkabidhi bintiye picha moja yenye maua, akaenda zake kwenye mambo ya mbuzi. Nkoile aliiweka picha ukutani bila kuuliza, akaunganisha nyaya, akawasha. Malori ya Zambia yalikuwa yanapita nje na banda linatetemeka kidogo. Fausta alikaa kwenye benchi, kitenge cha kufungia boksi mapajani mwake.

"Hii ni ile mpya," alisema Nkoile. "Mliikubali lini?"

"Hatukuikubali," alisema Lupakisyo, akifungua kilichobaki cha daftari. "Ninayo maandishi."

"Kiboksi kilipokuja mlibonyeza wapi?"

"Nilikipiga kosa," alisema Verdiana.

"Hii ya pembeni juu?"

"Hiyo hiyo."

Nkoile alicheka bila sauti, mabega tu. "Mama, wewe ni mtu wa tisa wiki hii. Zamani ukibonyeza pale kiboksi kinaondoka, yameisha. Siku hizi wamegeuza. Ukikifunga, wao wanahesabu kwamba umekubali, na siku ya kuiweka wamekwisha kukupangia."

Verdiana alihisi kama hakusikia. "Nimewafunga."

"Ndiyo."

"Nimewafungia mlango usoni, kila siku ya Mungu."

"Ndiyo mama. Wakahesabu umekubali."

Hapo Mama Fausta alisimama. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini fundi wa pikipiki aliyekuwa banda la jirani alizima injini ili asikie.

"Ni watu wa namna gani hawa? Wamelelewa na nani? Mtu anakuja kwako anapiga hodi. Anakuuliza niingie sasa au niingie baadaye, maana hata hilo la tatu kakunyima! Wewe unaona haya kumtukana, unafunga mlango. Mlango umefungwa, kitasa kimelia. Yeye anasimama pale nje, anawaambia wenzake: jamani, tumekaribishwa. Anapanga na siku! Mtu mwenye akili zake anaona mlango umefungwa, anasema huyu amekubali? Nyumba gani hiyo? Mama yake alikuwa wapi?"

Alinyamaza apumue. Nkoile alikuwa anaitikia kwa kichwa. Lupakisyo alikuwa anaandika haraka.

"Mama," alisema Fausta.

"Nini?"

"Na mimi nilifunga mlango."

Lori lilipita. Banda likatetemeka, picha ya Sempele ikalala upande.

"Mlango upi?" aliuliza Lupakisyo, ambaye kalamu yake bado ilikuwa inaendelea.

"Wa chumbani, baba. Siku ya Mzee Yassin."

Kalamu ilisimama. Nkoile alianza kutafuta kwa bidii skrubu iliyokuwa mkononi mwake.

"Fausta," alisema Verdiana, "mbona hukusema hapana?"

"Mliniuliza: utawajibu leo, au tumwambie mshenga arudi Jumapili?" Fausta alikuwa anakunja kitenge, anakikunjua, anakikunja. "Nilisimama pale natafuta hapana iko wapi. Nikaona nifunge tu, mtaelewa. Sijaachia hata kitasa, nikasikia vigelegele."

Verdiana alikaa. Alivisikia vigelegele vile, virefu, vya kupanda na kushuka, na alijua koo lililovitoa. Wale watu wa kompyuta angalau hawakupiga vigelegele.

Verdiana alimgeukia fundi, akauliza kwa sauti ndogo ya mteja.

"Hii mashine, mwanangu, inaweza kurudishwa ilivyokuwa?"

"Inaweza. Wanakupa siku thelathini. Zikipita wanaifuta ya zamani, hakuna kurudi."

Lupakisyo alirudi nyuma kwenye daftari, ukurasa ambao mbuzi aliuheshimu, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Posa ilikuwa Alhamisi, jana imetimiza wiki tatu. Leo siku ya ishirini na mbili." Alivua miwani. "Bado tuko ndani."

*

Duka la magodoro lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na nyumba ikiwa nyuma yake. Nkoile alirudisha alichoweza kurudisha, akafunga boksi kwenye kitenge kile kile, na wakaenda nalo, kwa sababu Sempele hakuwa amerudi na kuliacha Verdiana hakukubali tena.

Alipofika kizingitini ndipo alipojitazama. Kitenge alichovaa kilikuwa cha posa, kililetwa na watu wa nyumba hii. Kilichofunga kompyuta kilikuwa cha posa. Alikuwa amekuja kuvunja uchumba amevaa uchumba wenyewe.

Elizabeti, dada mkubwa wa Mathayo, aliwapokea. Alikuwa mwanamke wa kanisani, mnene, wa kauli za kupimwa, na jicho lake lilianza kwenye kitenge kabla ya kufika kwenye uso. "Karibuni wakwe. Kimekukaa vizuri. Na hicho kingine kimevaliwa na nani? Aa. Kompyuta."

Mathayo aliitwa dukani. Mwanamume wa miaka arobaini, mgane, mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Aliwaamkia wazee kwa shikamoo iliyonyooka. Verdiana alikuwa ameandaa maneno njiani, hatua zote mia mbili, yakamponyoka yote.

"Baba," alianza, "tulikuletea jibu ambalo hatukupewa."

Alieleza. Alieleza vibaya, akachanganya kiboksi na mshenga, kosa na kitasa, mpaka Elizabeti akauliza kama ni kompyuta inayokataa kuolewa. Lupakisyo alijaribu kusaidia kwa kuingiza Kimamba. Mathayo ndiye pekee aliyeelewa, maana alikuwa ameinamisha kichwa tangu neno la kwanza.

"Mimi nilimuuliza Mzee Yassin," alisema taratibu. "Nilimwambia, binti mwenyewe kasema nini? Akasema amefunga mlango kwa haya. Nikauliza, aliufunga polepole au aliubamiza? Akakaa kidogo. Akasema siku hiyo kulikuwa na upepo."

"Hakukuwa na upepo," alisema Fausta.

"Nilihisi hivyo. Nikaona si vizuri kuuliza mara mbili." Alimtazama Fausta, mara ya kwanza moja kwa moja. "Basi niulize mwenyewe. Dada Fausta, unanitaka?"

"Hapana, kaka Mathayo."

"Sawa. Afadhali mtu anijibu."

"Sawa kwa nani?" aliingilia Elizabeti. "Vitenge viwili, doti ya khanga, sukari kilo kumi na tano. Sukari iko wapi?"

"Tumeinywa," alisema Lupakisyo, ambaye reli ilimfundisha kutodanganya kwenye uchunguzi.

"Yote? Kwa wiki tatu?"

"Watu walikuja kutupongeza."

"Dada, sukari iache," alisema Mathayo.

"Sukari naiacha. Vitenge siachi."

Verdiana hakubisha. Alilifungua boksi kwanza, akakikunja kitenge cha kwanza pande nne, ncha kwa ncha. Kisha akajifungua cha pili mbele ya wote, kwenye sebule ya watu, akakikunja vile vile, akaviweka mezani. Gauni lililobaki lilikuwa lile la kukalia kigoda, limechanika nyuma chini ya kiuno, tundu la ukubwa wa kiganja. Hakulikumbuka mpaka alipousikia upepo, na siku hii ulikuwepo.

Fausta alisimama mara moja, akanyanyua boksi, akaja nyuma ya mama yake, karibu kiasi cha kumkanyaga visigino.

"Ngojeni," alisema Mathayo. Alikwenda dukani akarudi na nailoni ya godoro, ndefu, nene. Alilivalisha boksi lile likiwa mikononi mwa Fausta, akafunga kwa kamba, akakaza mafundo bila kuinua macho. "Vumbi la Kilosa ni baya," alisema.

Ndivyo walivyotoka: Lupakisyo mbele na kioo, Verdiana katikati kichwa kikiwa juu, na Fausta nyuma yake hatua kwa hatua na boksi likiwa limeziba tundu, mpaka kwenye pikapu.

*

Jumamosi Mzee Yassin alikuja kuchukua kadi. Alisikiliza kila kitu, akasema katika miaka yake ya ushenga hajapata kusikia mlango uliofungwa ukimaanisha mlango uliofungwa. Alipewa chai kavu. Aliinywa nusu, akauliza watu watasema nini, Verdiana akamwambia wameanza tangu jana, Mwanvua ndiye anayeongoza, akitaka kusikia apite pale kwenye bomba. Mzee aliaga. Hakupita bombani, lakini alitembea polepole alipofika usawa wake.

Fausta alikaa mezani. Hakuwa ametaja kichwa tangu Mikumi. Aliwasha mashine, akajaribu kimoja kimoja. Programu ya kadi ilikuwa imerudi, nyekundu inaelekeza panapostahili, na ya dhahabu pia. Ila ndani ya programu ya kadi mahali pa kuprinti palikuwa pamehamia upande wa kulia. Hapo Nkoile alisema ameshindwa, wamepashikilia. Nukta ya zambarau ilikuwa inaonyesha patupu.

Alichukua chupa ya rangi ya kucha kwenye mtoto wa meza, akaitikisa, akafungua. Brashi ilikuwa imekaribia fremu alipoisimamisha.

"Mama, niweke nukta hapa?"

Verdiana, aliyekuwa anashona tundu la gauni karibu na mlango, aliinua macho. Aliitazama ile brashi, tone la zambarau likining'inia, na binti yake amegeuza shingo anamngoja. Alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema.

Fausta alirudisha brashi chupani, akafunga, akaiweka mezani. Hakuuliza kwa nini. Lupakisyo aliinua uso kutoka kwenye daftari alilokuwa analigundisha kwa gundi. Nje mtu alikuwa anaita kama kopi zipo. Verdiana alivuta uzi, akauma, akakaa na ile hapana yake hapo sebuleni kitambo kizima, na hakuna kilichojitengeneza.

"Haya," alisema. "Niulize tena."

Fausta alifungua chupa. "Mama, niweke?"

"Weka."